Makaratasi ya Karanga

Jirani yetu alikuwa anampiga mbwa wake kwa sababu ya nyama iliyopotea, nami nilikuwa nimesimama upande wa pili wa ukuta, ndoo ya maji mkononi. Alipomaliza nikajikuta bado nimesimama. Nilikuwa nangoja kitu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nangoja yule bwana alie.

Hakulia, bila shaka. Aliingia ndani kula. Lakini mimi nilibaki na swali: wapi nilijifunza kwamba mtu akimpiga mbwa hulia baadaye?

Ndipo picha ikaja. Usiku, mtu mwenye cheo anachukua taa na ufunguo, anafungua chumba. Ndani mna mbwa wawili, minyororo shingoni. Anawapiga kwa kiboko mpaka wanalegea. Kisha anakitupa kiboko, anawakumbatia, anawafuta machozi na yeye mwenyewe analia, anawapa chakula kizuri kwa mkono wake. Anafunga mlango. Kesho usiku, vilevile. Nilijua ni kitabu, nilijua nilikisoma nikiwa mtoto Kadutu, mtaa wa mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na nilijua ni cha Kiswahili. Jina la kitabu, hakuna. Jina la mwandishi, hakuna. Kwa nini yule mtu aliwapiga, hakuna.

Hiyo ilikuwa mwaka 2003. Nilikipata mwaka 2022. Nikieleza kilichonichelewesha, wengi wanadhani nitalalamikia Bukavu kukosa maduka ya vitabu. La. Kilichonichelewesha ni mambo niliyokuwa na hakika nayo.

Nianze na nyumbani. Baba alikuwa mtunza stoo wa kampuni moja, mama alikuwa anauza karanga za kukaanga kwenye kona ya njia inayoshuka kutoka soko la Kadutu. Tulikuwa watoto sita, na Yaya, dada yetu mkubwa, alikuwa ananizidi miaka sita. Shuleni tulifundishwa kwa Kiswahili darasa la kwanza na la pili tu, ndivyo programu ya Zaire ilivyokuwa upande wetu wa mashariki. Kuanzia la tatu ni Kifaransa. Kwa hiyo mtoto wa Kadutu wa miaka ile ya 1980 alijifunza kusoma kwa lugha ya mama yake, halafu alipoanza tu kuona utamu wa kusoma, lugha ikabadilishwa. Vitabu vya Kiswahili vilivyobaki mbele yake vilikuwa vya sala: Biblia, katekisimu, kitabu cha nyimbo. Ndiyo maana kile kitabu cha mbwa kiliniganda kichwani. Kilikuwa cha Kiswahili na hakikuwa na amina.

Mtu wa kwanza kumwuliza alikuwa Yaya mwenyewe, ambaye aliolewa Uvira. Nilimpigia simu, na wakati ule dakika moja ilikuwa ghali, kwa hiyo nikauliza moja kwa moja:

“Yaya, unakumbuka kile kitabu tulichokuwa nacho nyumbani, cha mtu na mbwa wawili?”

“Kitabu gani? Kwetu kulikuwaka kitabu? Kulikuwaka tu Biblia ya baba.”

Nikafunga hesabu hapo. Kama Yaya hakijui, basi nilikisoma peke yangu, pengine kwa rafiki. Na ajabu, mara nilipoamua hivyo, kumbukumbu ikaanza kunipa ushahidi: nikajiona nimeketi chini ya mti wa avoka nyuma ya nyumba, kitabu magotini, jalada jekundu. Niliona hata jinsi jua lilivyokuwa linapita kwenye majani. Naapa niliona.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuuliza. Nina kibanda cha fotokopi na kuchapa makaratasi, upande wa Nyawera. Kila mtu anayengoja karatasi zake, au anayengoja umeme urudi, nilimwuliza. Nilijifunza jambo moja upesi: ukimwuliza mtu kitabu usichokijua jina, anakupa kitabu chake yeye. Mwalimu mstaafu mmoja alishikilia kwamba nilichosoma ni hadithi ya sungura na chui, na nilipomwambia hapakuwa na sungura akasema huenda nimesahau sungura. Pateri mmoja mzee alinisikiliza kwa makini sana, kisha akaniambia ni mfano wa dhambi na toba, nami nikamshukuru, maana nilikuwa nimetaka jina la kitabu. Mama mmoja muuza vitenge alisema hiyo si hadithi ya kitabu, ni mambo ya mjomba wake. Kwenye maktaba moja ya hapa mjini kijana aliyekuwa mezani aliniuliza: mwandishi nani? Nikasema sijui. Jina la kitabu? Sijui. Akaniangalia kama mtu aliyeingia duka la dawa akaomba “ile nyeupe.”

Intaneti ilipofika kwenye simu nikadhani sasa yamekwisha. Nikaandika: mtu anapiga mbwa usiku analia kitabu. Nililetewa mafundisho ya kumzuia mbwa asibweke usiku. Nikabadilisha maneno, nikaandika mkubwa wa mji, fimbo, chumba, mbwa wawili. Nikaletewa mahubiri. Wakati ule sikujua kosa liko wapi. Maneno niliyokuwa naandika yalikuwa ya Kadutu, na kitabu kile kilikuwa kimeandikwa kwa maneno mengine kabisa. Kama kitabu kinasema liwali na wewe unaandika “mukubwa wa mugini,” mtakutana wapi?

Mwaka 2015 nikachukua daftari, nikaandika kila ninachokumbuka, ili angalau niache kuongeza chumvi. Nilikuwa nimeanza kujishuku, kwa sababu kila nilipomsimulia mtu, hadithi ilinenepa kidogo. Nikaandika: mbwa wawili. Minyororo. Kiboko, halafu machozi, halafu chakula. Jalada jekundu. Nilikisoma mwenyewe chini ya avoka. Mwisho siukumbuki, labda nililala. Pembeni nikaweka alama ya tiki kwenye yale yenye hakika kamili. Mbwa walipata tiki mbili.

Daftari hilo ninalo mpaka leo, na nikilitazama nacheka.

Mwaka 2019 aliingia kibandani dereva wa lori kutoka Tanzania, mtu wa Kigoma, amebeba makaratasi ya duane, yaani forodha, yanayotakiwa nakala nne nne. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Nikampa kiti, na kwa kuwa ndiyo desturi yangu, nikamsimulia. Hata sikuwa nimefika kwenye chakula.

“Kaka, hiyo si Adili na Nduguze? Ya Shaaban Robert. Sisi tumeisoma shule.” Akanyamaza kidogo. “Ila siyo mbwa. Ni manyani.”

“Ni mbwa,” nikasema.

“Manyani, kaka.”

“Ndugu yangu, mimi nilikisoma kwa macho yangu.”

“Na mimi nilifanyiwa mtihani.”

Tulibishana mpaka umeme ukarudi. Alikuwa anacheka; mimi sikucheka. Niliona kwamba ananipa kitabu chake, kama wote waliotangulia. Aliahidi kuniletea safari nyingine ili nimnunulie soda ya kushindwa. Mwaka 2020 Korona ikaja, mipaka ikabanwa, sikumwona tena, na kusema kweli sikumngoja. Jibu lilikuwa limekaa kwenye kiti changu cha plastiki karibu saa nzima nami nikalifukuza kwa sababu ya mnyama.

Kilichonipoteza zaidi ni kwamba nilipata kitabu chenye mbwa.

Mwanafunzi mmoja wa Kifaransa alikuja kuchapa TFC yake, ile kazi ya kumalizia masomo ya chuo, akasikia hadithi yangu, akasema bila kusita: hiyo ni Alfu Lela Ulela. Usiku Elfu na Moja. Siku ya pili akaniletea maandishi yake ya Kifaransa kwenye flashi, tafsiri ile ya Galland iliyoanza kutoka mwaka 1704, na nikachapa kurasa nilizohitaji kwa karatasi za kibanda changu mwenyewe. Nilisoma kwa wiki mbili. Na kweli, mle kuna bibi tajiri wa Baghdad ambaye kila usiku anawapiga mbwa wawili weusi, kisha anawakumbatia na kulia nao, na Khalifa Harun al-Rashid, aliyeingia nyumba ile kama mgeni amejifanya mfanyabiashara, anatazama, hawezi kujizuia kutaka kujua sababu. Mwili ulinisisimka. Mbwa! Wawili! Machozi! Isipokuwa ni mwanamke. Yule mwanafunzi akaniambia ngoja, kuna nyingine, katika mikusanyo mingine ya hadithi zilezile, ya liwali wa Basra. Huyo ni mwanamume. Mjumbe wa Khalifa amekwenda kudai kodi iliyochelewa, akalala nyumbani kwa liwali, usiku akamwona anafanya yaleyale. Na wale mbwa ni ndugu zake wa tumbo moja, waliogeuzwa na jini kwa uovu waliomtendea.

Nikatangaza ushindi. Niliwaambia wateja wote. Nilimpigia hata Yaya, nikamwambia nimekipata kitabu changu, akasema Mungu asifiwe, akaniuliza bei ya unga Bukavu.

Jambo moja tu halikukaa sawa. Nilikuwa nakumbuka hadithi ile kwa Kiswahili, na mimi sijawahi kushika Alfu Lela ya Kiswahili mikononi. Nikajijibu: lazima kulikuwa na moja, ikapita nyumbani, ikapotea. Siku hizi nikijikuta nalitafutia jambo visingizio ili likae pamoja na mengine, nasimama. Wakati ule sikusimama. Mbwa walikuwa na tiki mbili.

Dereva alirudi mwaka 2022. Sikumtambua mpaka aliposema, “Kaka, soda yangu iko wapi?” Akatoa kwenye mfuko wa plastiki kitabu chembamba kama daftari la shule, akakiweka juu ya mashine ya fotokopi, akaketi kwenye kiti kilekile na kukunja mikono. Alikuwa amezunguka nacho miezi. Watu wabishi ni watu wema sana.

Nilianza kusoma pale pale nikiwa nimesimama. Mfalme anaitwa Rai, nchi yake Ughaibu. Mjumbe wa kodi anaitwa Ikibali. Liwali anaitwa Adili. Usiku, taa, chumba, minyororo, kiboko, machozi. Na manyani. Manyani wawili, wazi kabisa, kwa herufi za chapa.

Bado nilikuwa na nguvu za kubisha. Nilitaka kumwambia: sawa, huyu Shaaban Robert alichukua mifupa ya hadithi ya liwali wa Basra, akaivika nyama yake, mbwa akawafanya manyani, Harun al-Rashid akampumzisha; na hilo ni kweli kabisa, kazi aliifanya hivyo na kitabu kikatoka mwaka 1952, miaka kumi kabla hajafa. Lakini mimi, nilitaka kusema, nilisoma ile ya zamani. Mdomo ulikuwa umeshafunguka nilipofikia majina ya wale ndugu wawili.

Hasidi na Mwivu.

Inabidi nieleze dende. Sisi wa Kivu Kusini tunafuga vile vijinyama vidogo visivyo na mkia, vinaishi jikoni, vinakula maganda na majani, vinalia pii-pii mtu akiingia. Watoto hupewa kuvichunga kabla ya kuaminiwa mbuzi. Nyumbani kwetu kulikuwa na madume mawili ya dende ambayo hayakuweza kula jani moja bila kung’ang’aniana, na majina yao yalikuwa Hasidi na Mwivu. Maisha yangu yote nilidhani mama ndiye aliyewapa majina hayo kwa sababu ya tabia zao. Hasidi tulimla Noeli. Mwivu alikufa mwenyewe. Sasa nawaona kwenye kitabu kilichoandikwa na mtu wa Tanga, kabla mimi sijazaliwa, kabla nchi yetu haijapata uhuru.

Hicho ndicho kilichonishinda. Mbwa ningeweza kuwatunga. Mti wa avoka ningeweza kuutunga. Majina ya dende sikuwa nimeyaandika hata kwenye daftari, kwa sababu sikujua kwamba yanahusika. Nikamnunulia dereva soda mbili.

Usiku ule nilikimaliza. Nikakuta na kitu kingine ambacho nilikuwa nimekiweka kabati lingine kabisa: mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe. Nilikuwa nakumbuka watu wa mawe tangu utotoni, na nilidhani nimewapata kwa katekista, pamoja na mke wa Lutu na nguzo yake ya chumvi. Kumbe akili yangu ilikuwa imevunja kile kitabu vipande, kimoja ikakipeleka jikoni kwa dende, kingine kanisani, kingine chini ya mti wa avoka, kisha ikanituma nikitafute kizima.

Lakini nilipokuwa nasoma, Kiswahili chake kilinikataa. Sentensi ndefu, zimepangwa kama shanga, na maneno ambayo hata leo, mtu mzima, nilihitaji kuyarudia. Mtoto wa miaka saba wa Kadutu, aliyekuwa bado anafuata mistari kwa kidole, angekisomaje? Nikampigia Yaya. Safari hii sikuuliza kitabu. Niliuliza dende.

“Yaya, wale dende, Hasidi na Mwivu. Nani aliwapa majina?”

“Ni mimi. Nilitosha mu ile makaratasi ya mama.”

“Makaratasi gani?”

“Ya karanga. Ile yenye nilikuwaka nawasomea usiku. Ya ule mutu wa kiboko.”

Nilinyamaza.

“Njo ile ulikuwa natafuta miaka yote?” akasema. “Sasa weye ulikuwa nasema kitabu, kitabu. Ile haikuwaka kitabu, mudogo wangu. Ilikuwaka makaratasi.”

Akanieleza, na safari hii hakuna aliyehesabu dakika. Mama alikuwa ananunua karatasi za kufungia kwa kilo, sokoni: magazeti ya zamani, madaftari yaliyojaa, chochote. Siku moja ndani ya furushi mkawa na kitabu. Jalada lilitoka kwanza, kwa sababu ni gumu, halikunjiki. Mama akalifanya la kupepea makala, yaani makaa, kwenye mbabula, jiko letu. Halafu kurasa. Nilipomsikia Yaya nikaikumbuka mikono ya mama, kitu ambacho sikuwa nimekifikiria miaka mingi: anachana ukurasa mmoja katikati, nusu anaizungusha kwenye kidole gumba mpaka iwe kama pembe ndogo, ncha ya chini anaipinda mara mbili ili chumvi isidondoke, anamimina kikombe kidogo cha karanga, anakunja mdomo. Ukurasa mmoja, pembe mbili. Kitabu kilikuwa kimelala kifudifudi kando ya sahani, kwa hiyo alikuwa anachana kuanzia nyuma.

Yaya aliona maandishi ni ya Kiswahili na hayana msalaba juu. Akaomba. Mama akasema biashara ni biashara. Wakaelewana hivi: kila jioni kurasa zinazobaki Yaya anaziweka, kesho asubuhi mama anachukua anazohitaji, kuanzia mwisho. Yaya akazihifadhi ndani ya gamba la rejista kuukuu ambayo baba aliileta kutoka stoo.

“Gamba la rangi gani?” nikauliza.

“Nyekundu.”

Usiku, kwenye taa ya petroli, alitusomea. Kiswahili cha mle alikiona kigumu, kwa hiyo alikuwa anasoma kimoyomoyo mstari mzima, halafu anautoa kwa Kiswahili chetu. Liwali akawa mukubwa wa mugini. Majina aliyaacha, isipokuwa yale mawili yaliyompendeza akawapa dende. Na kwa vile kila siku kitabu kilipungua kutoka nyuma, sisi tulikuwa tunasonga mbele kuelekea mwisho, na mwisho unasonga kuja kwetu kutoka upande wa pili, mpaka siku moja tukakutana nao, ukurasa ukakatika katikati ya maneno. Mwisho uliliwa na watu wa Kadutu waliokuwa na makuta mfukoni. Kumbe sikulala.

“Basi yote nimeelewa,” nikamwambia. “Kitu kimoja tu. Mle ndani ni manyani. Mimi miaka yote nakumbuka mbwa.”

Yaya hakujibu upesi. Nilidhani mtandao umekatika.

“Baba alikuwaka pale,” akasema. “Kwa kiti yake, karibu na mulango. Alikuwaka nasikiliza.”

Baba alikuwa boyi katika nyumba moja ya Wabelgiji kule Muhumba, alipokuwa kijana mdogo, siku ambazo mji wetu wazungu walikuwa wanauita Costermansville. Hilo nilijua. Nilijua pia kwamba kuna neno ambalo halikutajwa nyumbani kwetu. Wazungu wa wakati ule walikuwa wakiwaita watu wetu makako. Kila mzee wa Bukavu analijua neno hilo na anajua lilivyosemwa. Baba alisimulia mara moja tu, na si kwangu, kwa Yaya: kwamba katika nyumba ile hakuwahi kuitwa kwa jina lake, hata siku moja, hata mbele ya wageni. Aliitwa hivyo kama mtu anavyoita kitu kilicho karibu. Hata mnyama mwenyewe, akiwa ametoka msituni upande wa Kahuzi, baba alikuwa anasema “ile ya mukia.”

“Sasa mi ningesoma je?” Yaya akaendelea. “Mutu anafunga makako mbili mu chumba, anawapiga kiboko, na baba anasikiliza? Manyani, makako, kwetu ni kitu kimoja. Nilifika pale mu mustari, nikaona lile neno, nikaangalia baba. Nikasema mbwa.”

“Ulikuwa na miaka kumi na mitatu.”

“Nikasema tu mbwa. Na kila siku ile neno ikirudi, mbwa.”

Nilitazama kitabu cha dereva juu ya meza. Mwaka kilipotoka, 1952, baba alikuwa pale Muhumba anapiga pasi mashati ya watu. Sijui kama Yaya aliwahi kulifikiria hilo, sikumwambia.

Nikamwambia badala yake kwamba mwisho ninao. Akapiga kelele ya furaha kama msichana. Nikasikia anawaita wajukuu wake, anawafukuza kuku, anavuta mkeka. Akaweka simu kwenye sauti kubwa. Akaniagiza nisianzie mwisho, nianze pale pa chumba ili watoto waelewe, na nisisome kile Kiswahili cha juu, niseme kwa chetu.

Nikafanya alivyokuwa anafanya yeye: mstari mmoja kimoyomoyo, halafu nautoa. Usiku. Taa. Ufunguo. Mlango ukafunguka, ule mukubwa wa mugini akaingia, na ndani mulikuwa manyani mbili...

“Apana,” Yaya akanikata. “Sema mbwa.”

“Yaya, baba hayuko tena.”

“Najua. Sema mbwa.”

Watoto walikuwa kimya upande ule. Nikarudi nyuma mstari mmoja, nikasema mbwa.